Mstari wa Mia Nne na Mbili

Ulipita mbele ya lango letu asubuhi ya tarehe mosi Novemba. Usinikatalie. Barabara ya makaburini ni hiyo moja tu, na mimi nilikuwa kwenye dirisha la ofisi ya kumbukumbu nawaona mnapita kwenda kwa wafu wenu, miwa mabegani, mikate ya sura za watu imefungwa kwenye shuka. Mlipofika usawa wa ukuta wetu, wote mligeuza shingo upande wa kiwanda cha saruji, utadhani kuna la ajabu kule. Kuna vumbi. Miaka yote kuna vumbi tu.

Sikulaumu kwa jingine, nakulaumu kwa hiyo shingo. Haya ninayoyaandika yalianza na mtu mmoja aliyefanya vivyo hivyo: aliuliza swali, akajibiwa, hakuangalia jibu.

Naitwa Fidelia Tarqui. Niko Gereza la Wanawake la Collpani kwa kosa la kufunga barabara siku nne, ule mwaka walipopandisha bei ya maji. Nyinyi mlikuwapo pale kwenye vizuizi. Nakumbuka aliyeleta supu ya karanga na aliyeleta maneno. Nakumbuka pia polisi walipofika tulibaki wangapi: kumi na moja.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza muda wa mtandao kwenye kibanda cha shemeji yangu, kompyuta sita za mitumba, na kwa kuwa fundi alikuwa akituibia nikajifunza kazi mwenyewe. Lugha ya C ya kuandikia programu niliisoma kwenye kitabu cha fotokopi kilichokosa kurasa za mwanzo. Mpaka leo sijui kinaanzaje. Ndiyo maana mkuu wa gereza, Meja Amparo Rocabado, alinitia kwenye ofisi ya kumbukumbu tangu Machi: nitoe karatasi printa inapozimeza, na niandike majina ya wanaoingia kwenye orodha. Mshahara hakuna. Kuna hita.

Sasa Mama Casimira Yujra. Ndiye wa kitanda cha chini yangu, ana miaka sitini na mmoja. Walimkamata ndani ya basi la kwenda mpakani, chini ya kiti chake pana mitungi mitatu ya gesi ya magendo ambayo hakuna abiria aliyeikubali kuwa yake. Yeye hakukataa haraka kama wenzake, kwa sababu alikuwa amelala. Mwezi wa pili akiwa humu, mumewe Fortunato akafa.

Ada unaijua. Aliyekufa anarudi nyumbani tarehe mosi Novemba, saa sita kamili mchana, miaka mitatu mfululizo, na meza lazima iwe imetandikwa inamngoja. Mwaka wa tatu ndio wa kumuaga. Novemba ya kwanza Fortunato alikuta nyumba ina kufuli. Ya pili vilevile. Hawakuwa na mtoto, na ndugu walishahamia nchi za bondeni. Hii ilikuwa ya tatu.

Basi jambo ni hilo, usitafute jingine. Mama Casimira alitakiwa awe nyumbani kwake Ancoqota saa sita mchana. Kutoka langoni kwetu ni mwendo wa saa moja, gari likipatikana.

Hati ya hakimu ya kumwachia ililetwa tarehe thelathini na moja, saa kumi jioni, lango la kutokea limeshafungwa. Wakasema kesho saa moja asubuhi ataitwa. Humu ndani anayetoka hatoki na kitu. Godoro, sufuria, blanketi, hata sindano za kufumia, anavigawa jioni ileile kwa wanaobaki. Akibeba hata kijiko, tunasema atarudi kukitumia. Na ukishagawa huombi tena. Hata kama mvua inakunyeshea, huombi.

Mama Casimira aligawa vyote. Godoro alimpa Justa Choque, muuza viazi mwenye ulimi mkali, ambaye alijinyoosha juu yake palepale kulijaribu.

"Mama, lina bonde katikati. Ulikuwa unalala na nani humu?"

"Na mawazo," akasema Mama Casimira. "Nakuachia na yenyewe."

Kitu alichobaki nacho ni mkate mmoja tu, aliouoka kwenye tanuri la jikoni kwa unga wa kuchangiwa: mwili wa mtu mzima, uso wa udongo uliopakwa rangi, masharubu kama ya Fortunato. Alikuwa ameuvisha kofia ya sufi. Huo si wa humu ndani, akasema, huo ni mgeni wangu.

Saa moja asubuhi tukatega masikio. Namna ya kumwita anayetoka hapa ni moja: jina la ukoo, jina lake, kisha "na vitu vyako vyote". Maneno hayo manne tunayaota. Saa moja ikapita. Saa mbili ikapita. Mama Casimira amekaa kwenye mbao tupu za kitanda chake, sketi zote nne amezivaa, mkate mapajani.

"Justa, inuka mwachie godoro akae," mtu akasema.

"Usithubutu," akasema Mama Casimira. "Nikilikalia tu, nimebaki."

Saa mbili na nusu ni saa yangu ya kazi. Nikamshika mkono, tukashuka pamoja mpaka kwenye dawati la langoni, ambako Sajenti Ninoska alikuwa amekazia macho skrini, kikombe cha uji wa mahindi ya zambarau kimemgandia pembeni.

"Hayupo," akasema kabla sijamwuliza.

"Hayupo wapi, afande?"

"Humu." Akagonga skrini kwa kalamu. "Nimeandika Yujra Casimira mara tano. Inasema hakuna. Na hii isipomjua haichapishi karatasi ya kutokea. Siwezi kumtoa mtu ambaye hayumo."

"Na huyu hapa ni nani?"

"Huyo ni huyo. Mimi nazungumzia kompyuta."

"Kama simo, afande," Mama Casimira akasema kwa upole, "nifungulie tu niende. Utakuwa hujamtoa mtu."

Ninoska akacheka, halafu akajishika mdomo. "Usinichekeshe, bibi. Mimi nina watoto."

Zamani meja angeandika karatasi kwa mkono, mambo yakaisha. Lakini mwezi wa Aprili kuna mmoja aliyetoka gereza la wanaume kwa karatasi ya mkono ya kughushi, na tangu hapo amri ikaja: karatasi inayochapishwa na programu, au hakuna kutoka. Ninoska akampigia simu injinia aliyeiandika programu, bwana Gustavo Peredo, akaiweka kwenye spika.

"Kwangu inafanya kazi," akasema injinia.

"Kwako kuna majina mangapi?" nikauliza.

"Nani huyo?"

"Wa printa," akasema Ninoska.

"Mwambie wa printa mmeandika vibaya. Hayo majina ya watu wa huko juu milimani yana herufi za ajabu. Jaribuni na Y, jaribuni na LL."

"Njoo uangalie, injinia."

"Jumatatu. Sasa hivi niko makaburini na mama mkwe."

Simu ikakatika. Nilimwangalia Mama Casimira. Alikuwa akisafisha chembe ya unga kwenye sharubu la mkate kwa kucha ya kidole kidogo. Saa kubwa ya ukutani ilionyesha saa tatu kasoro dakika tano.

"Nipe nusu saa kwenye mashine ya ofisini," nikamwambia Ninoska. "Printa imemeza karatasi."

"Haijameza."

"Itameza."

Akaangalia pembeni. Hapo angalau aligeuza shingo kwa faida ya mtu.

Programu ile iliandikwa kwa C na ilijengwa ndani ya mashine ya ofisini, hivyo maandishi yake yalikuwa bado mle, kwenye folda ambayo injinia aliisahau. Nilikuwa nikiiona tangu Machi, sikuwahi kuifungua. Niliogopa. Nina kesi moja tayari. Kuchezea programu ya serikali ni kesi ya pili. Nikaifungua.

Kwanza nikaangalia jina, maana injinia ananidharau lakini huenda anasema kweli. Nikafungua orodha, faili la maandishi matupu, mtu mmoja mstari mmoja, mistari mia nne thelathini na sita. Yujra Casimira yuko mstari wa mia nne thelathini na moja. Herufi sawa, nafasi sawa, hakuna doa. Aliyeliandika alifanya kazi safi.

Basi jina limo kwenye faili, lakini programu hailioni. Linapotelea njiani.

Nikasoma jinsi programu inavyoamka. Inalisoma faili mstari kwa mstari na kila jina inalitia kwenye jedwali la kumbukumbu, kwa kutumia fanksheni, vifaa vya kazi vilivyo tayari, ambazo C inakuja nazo. Fikiria ukuta wa visanduku kama wa posta. Fanksheni ya kwanza, hcreate, unaiambia ijenge visanduku vingapi. Ya pili, hsearch, unaipa jina nayo inalipiga hesabu mpaka lipate namba, kisha inalitia kwenye kisanduku cha namba hiyo, au inakwenda kulichukua kule. Haipekui kimoja kimoja. Ni kazi ya haraka na safi, na mimi sina ugomvi nayo.

Ina mtego ambao kila anayeanza anauingia, mimi niliuingia kibandani kwa shemeji: hsearch hailinakili jina, inakumbuka tu mahali jina lilipoandikwa. Ukiyaandika majina yote, moja juu ya jingine, kwenye kikaratasi kimoja kilekile, mwishoni kila kisanduku kinakuonyesha jina la mwisho. Nikaomba liwe hilo. Halikuwa hilo. Injinia alikuwa amelinakili kila jina mahali pake, vizuri, kwa uangalifu, na kwa hilo nikamchukia zaidi.

Nikarudi juu kidogo. Alikuwa ameandika hcreate(400).

Ukuta huo haukui. Ukiomba mia nne unapewa mia nne, na kwa hesabu zake za ndani unaongezewa kimoja, mia nne na moja, basi. Wala hakuna fanksheni ya kumfuta mtu mmoja, aliyeingia ameingia. Kwa hiyo wanaotoka gerezani hawakufutwa, waliwekewa tu alama ya kutoka. Hata Leonarda Apaza, aliyekufa kwa nimonia Februari ya mwaka juzi tukambeba wenyewe mpaka uani, alikuwa na kisanduku chake, mstari wa kumi na tisa.

Na ukuta ukijaa? Nikafungua mwongozo uliomo ndani ya mashine yenyewe. Umeandikwa kwa ukavu, bila kuficha: nafasi ikiisha, hsearch inarudisha jibu tupu, na inaeleza sababu, hakuna nafasi. Haivunjiki, haipigi kelele. Inakujibu. Kazi yako ni kusoma jibu.

Nikateremka mpaka mstari wa themanini na nane wa programu, pale inapotia majina: hsearch(mtu, ENTER), halafu nukta mkato, halafu mstari mwingine. Jibu halikupokelewa na mtu. Limerudi, likaanguka chini, na programu ikaendelea na jina linalofuata.

Nikainakili programu kwenye folda yangu, nikaongeza mstari mmoja: jibu likiwa tupu, chapisha jina. Nikaijenga, nikaiendesha.

La kwanza lilikuwa Ticona Saturnina. Kisha Ticona Victoria. Kisha yakaja yote, Torrez, Tupa, Ugarte, Villca watatu, Yanarico, Yujra, mpaka Zapana. Majina thelathini na matano. Tisa nilijua walishatoka kabla ukuta haujajaa. Ishirini na sita walikuwa humuhumu, wengine nilikunywa nao chai asubuhi ile.

Utauliza mbona hatukuona mapema. Kwa sababu kila mapambazuko tunahesabiwa kwa sauti, moja, mbili, tatu, na sauti zinatosha. Na kwa sababu ya daftari. Hapa palikuwa na daftari kubwa la jalada jekundu lililofuata alfabeti ya majina ya ukoo, na kompyuta ilipokuja meja akaamuru faili lifuate daftari. Lingefuata siku ya kuingia, wa kuanguka wangekuwa wageni, na mgeni asiyeandikika unamwona siku hiyohiyo. Kwa alfabeti, kila Condori au Mamani anayeingia anakaa katikati, anasukuma wote walio chini yake hatua moja, na anayeanguka ni wa mwisho kabisa ukutani, aliye ndani siku nyingi, ambaye hakuna anayemtafuta. Na aliyekuwa akiwaingiza hao akina Condori tangu Machi ni mimi. Kwa vidole hivi. Mstari wangu mwenyewe ulikuwa wa mia tatu tisini na sita. Nilikuwa na nafasi tano mpaka ukingoni na sikujua kuna ukingo.

Nilikuwa nataka kuinuka ndipo nikakumbuka orodha ya mahakamani. Kila Jumatatu programu hiyohiyo inachapisha nani apelekwe kwa hakimu wiki hiyo. Nikafungua kabati, nikalitoa faili la karatasi la Mama Casimira. Juni: kesi imeahirishwa, mshtakiwa hakuletwa. Agosti: kesi imeahirishwa, mshtakiwa hakuletwa. Alikuwa amekaa kitandani amevaa sketi yake ya mahakamani, siku zote mbili, namkumbuka, akisubiri kuitwa. Angetoka Juni. Hakimu aliyesaini sasa alisaini bila kumwona, kwa kuchoka na barua za wakili wake wa msaada wa kisheria.

Nikabeba yale majina nikaenda kwa meja.

Meja Rocabado alikuwa amevaa koti juu ya sare, ndoo ya maua mezani, tayari kwenda kwa wafu wake. Nilimweleza yote. Alielewa upesi, si mjinga yule. Swali lake la kwanza likawa hili:

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na mimi, afande."

Akaisoma orodha, midomo ikicheza. "Hii inarekebishwaje?"

"Namba moja tu ibadilike, mia nne iwe elfu nne, na jibu lisomwe. Dakika mbili. Lakini kuiweka mahali pa ile ya zamani kunataka neno la siri la injinia."

"Na bila injinia?"

"Nahamisha mistari. Waliokufa na waliotoka nawapeleka mwisho wa faili, hao hata wakianguka hawaumii. Walio hai wanapanda juu. Nusu saa, wote ishirini na sita wanaonekana."

Akaenda dirishani. Nyinyi mlikuwa mnapita.

"Wote wakionekana kwa siku moja," akasema, "wizara itauliza walikuwa wapi jana."

"Na iulize."

"Itaniuliza mimi, Tarqui." Akarudi akakaa. "Nitakupa mmoja. Bibi atoke sasa hivi. Waliobaki tutawashughulikia baada ya sikukuu, kimya kimya, na injinia."

"Kuna wenye kesi wiki ijayo, afande."

"Sasa ni saa nne na dakika kumi," akasema meja. "Habari ya saa sita umeniletea wewe, sikuitafuta."

Akavuta karatasi akaandika, kisha akaigeuza upande wangu. Ilisema kwamba mimi, Fidelia Tarqui, mfungwa mwenye jukumu la orodha, nilikosea kuliandika jina la Yujra Casimira, na kosa nimelirekebisha leo.

"Umeandika kwa mkono," nikasema. "Nilidhani za mkono hazikubaliwi."

"Hii inakubaliwa."

Pale kwenye vizuizi nilisimama juu ya tairi nikawaambia watu: wakitupa mmoja mmoja tusipokee, wanatununua kwa rejareja. Nililisema siku zote nne mpaka sauti ikakauka. Kutoka mezani kwa meja unauona uwanja wa ndani wote, na benchi la langoni. Mama Casimira alikuwa pale, mkate ameufunika kwa shali dhidi ya jua, anauangalia mlango. Haniangalii mimi. Hajui hata kama niko juu nauza watu ishirini na watano kwa ajili yake.

Nikasaini.

Meja akasimama nyuma ya bega langu nikifanya kazi. Nilikata mstari wa Yujra, nikauweka wa kumi na tisa. Leonarda nikampeleka mwisho kabisa. Nikaiendesha upya ile programu ya injinia. Vidole vilitaka kuendelea, wa pili, wa tatu, na meja akanigusa mkono.

"Imetosha. Inuka."

Langoni Ninoska akaandika jina, akabonyeza. "Yupo," akasema, akanitazama mimi, akatazama skrini tena. "Alikuwa wapi?"

"Kosa la uandishi," akasema meja.

Karatasi ikatoka. Ninoska akasimama, akavuta pumzi, na ingawa mwenyewe alikuwa hatua mbili mbele yake, akamwita kwa sauti ya kufika ghorofani: "Yujra Casimira, na vitu vyako vyote."

"Sina vitu, afande."

"Hata kama. Ndivyo inavyosemwa."

Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi na tano. Kutoka juu Justa akapiga kelele: "Mama, usigeuke nyuma, bonde lako nalitunza." Mama Casimira hakugeuka.

Nilirudi ofisini kukusanya karatasi zangu, ndiyo maana niliona kilichofuata. Alisimama ng'ambo ya barabara akapunga mkono. Magari yalikuwa yamejaa, najua, sikukuu. Lakini si yote. Nilihesabu: ishirini na mbili yalipita, na saba kati yake yalikuwa na nafasi. Walimwona mwanamke mzee ametoka mlango ule, na shingo zikaenda kiwandani. Moja lilikuwa jeupe, mlango mmoja bluu. Sikumbuki namba yake na inaniuma, kwa sababu huwa nakumbuka. Lori la saruji ndilo lililosimama, saa tano na dakika nane.

Jumapili iliyofuata alikuja kunitembelea. Hakuna anayetoka akarudi kutembelea, ni mkosi. Alikuja.

"Ulifika?" nikamwuliza.

"Sita na robo." Alikuwa na vumbi jeupe bado kwenye pindo za sketi. "Kufuli lilikuwa na kutu, nikalivunja kwa jiwe. Nikatandika kitambaa, maji, mkate, viazi vikavu, nikamwita kwa jina."

"Akaja?"

Akakung'uta pindo. "Sijui kama alingoja, mwanangu. Nilifika sita na robo."

Nikamweleza kuhusu Juni, kwamba angetoka Juni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Na Saturnina?" akauliza. "Na yule Villca mdogo anayekohoa? Nao wamo kwenye hilo shimo?"

"Wamo."

"Basi andika. Mimi nitabeba."

Naandika. Meja aliahidi kimya kimya baada ya sikukuu, na kimya amekitimiza. Injinia hakuja Jumatatu ile wala iliyofuata. Nasikia anataka mkataba mpya ili abadilishe namba moja. Mimi nimeondolewa ofisini. Ile karatasi niliyosaini imetiwa kwenye jalada, na sasa kesi zote ambazo watu hawakupelekwa tangu Mei zinaelezwa kwa kosa langu la uandishi. Injinia wao amesema pia hiyo ndiyo sababu. Nilinunua asubuhi moja ya Mama Casimira, na hata hiyo ikapungua robo saa. Sijutii kumnunulia. Najutia wale ishirini na watano, na wewe utanisaidia kuwalipa.

Orodha yangu waliichana. Lakini nilishaisoma, na nikisoma sisahau: Ticona Saturnina, kesi ya nguo za mitumba, miezi tisa. Ticona Victoria. Torrez Benedicta, ana mimba ya miezi sita. Tupa Melchora. Ugarte Rosenda. Villca Plácida, Villca Jacinta, na Villca Nieves, huyo ndiye anayekohoa. Yanarico Teodosia, ambaye hakimu alimwita mara tatu. Zapana Irenea. Wote kumi na tano waliobaki wako nyuma ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, usiseme huoni.

Na mmoja zaidi. Tangu siku ile wameingia wanawake saba, nimewahesabu kwa sauti zao asubuhi na kuwauliza majina: Apaza, Condori wawili, Flores, Mamani, Quispe, na mmoja Zárate. Sita kati yao wako mbele yangu kwenye alfabeti. Nilikuwa wa mia tatu tisini na sita. Hesabu mwenyewe. Ukuta una visanduku mia nne na moja, nami sasa ni mstari wa mia nne na mbili. Kesi yangu ni tarehe ishirini na saba. Orodha ya mahakamani inachapishwa Jumatatu saa moja asubuhi, na jina langu halitakuwamo, na hakimu ataandika: mshtakiwa hakuletwa.

Mama Casimira atakuwa ameketi kwenye benchi la nje ya lango, na ile kofia ya sufi ya Fortunato, kila siku kuanzia saa mbili. Nenda ukae naye. Beba kitambulisho chako. Mwambie Sajenti Ninoska aandike Ticona Saturnina kwenye kompyuta, na skrini ikisema hakuna, mwambie akuandikie hilo, atie saini na mhuri, kisha umwombe akutolee huyo asiyekuwepo umwone kwa macho. Halafu linalofuata. Halafu linalofuata, mpaka Zapana, halafu Tarqui. Mkiwa watu ishirini meja atashuka mwenyewe. Mkiwa mia injinia atakuja hata kama ni sikukuu.

Lango la wageni linafungwa saa kumi. Vaa viatu, toka sasa, na ukifika usawa wa ukuta, shingo yako iwe upande huu.